Kikapu cha Ukindu Katika Barabara za Rosettenville



Anayetaka kuijua Rosettenville na aipite barabara yake kuu Jumamosi asubuhi. Mtaa huu wa kusini mwa Johannesburg umepokea wageni kwa vizazi. Baada ya Msumbiji na Angola kupata uhuru mwaka 1975, Wareno wengi walihamia hapa, na hata leo harufu ya kuku wa kuchoma kwa pilipili haijatoweka. Siku hizi utasikia Kireno cha Maputo, Kilingala, Kichewa, na ukitega sikio vyema, Kiswahili. Sisi walimu tunaukumbuka mtaa huu kwa jambo jingine pia: hapa ndipo ilipokuwa shule ya St Peter's, ambako Oliver Tambo alisoma na kufundisha, na hapa ndipo alipofanya kazi Padri Trevor Huddleston kabla ya kuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi, 1960 hadi 1968.

Mimi huipita barabara hiyo nikiwa na kikapu cha ukindu. Mwenye kupokea fedha dukani huniuliza kama nataka mfuko. Nikimwonyesha kikapu, hutabasamu, na walio nyuma yangu katika foleni hutabasamu vilevile. Mzee na kapu lake ni kichekesho cha bure.

Zamani katika nchi hii mfuko wa plastiki nao ulikuwa wa bure. Ulinasa kwenye senyenge na vichaka, hata watu wakauita kwa dhihaka ua la taifa. Tarehe 9 Mei 2003 kanuni mpya zikaanza kutumika: mifuko laini mno ikapigwa marufuku, na mnunuzi akaanza kulipia ile mizito. Mwaka 2004 serikali ikaweka ushuru wa senti 3 kwa kila mfuko. Ushuru huo umepanda hatua kwa hatua, ukafika senti 25 mwaka 2020 na senti 32 mwaka 2024.

Je, matokeo yalikuwaje? Mwanzoni watu walishtuka, wakaja na mifuko yao. Kisha maduka yakapunguza bei, wateja wakazoea, na matumizi yakapanda tena. Bei ndogo husahaulika upesi. Tena vile vifuko vyepesi vya mboga na nyama havikuguswa na ushuru huo.

Kwetu Afrika Mashariki walifuata njia nyingine. Zanzibar ilitangulia Bara kwa zaidi ya miaka kumi. Kenya ilipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Mwaka huo nilisafiri kwenda arusini Dar es Salaam. Zawadi zote nilizipanga kwa makini, kila moja katika mfuko wake wa plastiki na jina la mwenyewe juu yake. Nilipofika uwanja wa ndege nikaambiwa mifuko haiingii nchini. Nikapiga magoti mbele ya sanduku, mwalimu mzima, nikatoa kanga na mashati ya watu mbele ya abiria wenzangu. Majina yalibaki kwenye mifuko. Nyumbani nikagawa kwa kukisia.

Sokoni nilikuta rambo zimetoweka na vikapu vimerudi. Lakini aliyenunua fungu la nyanya alilalamika kwamba mfuko mbadala unakaribia bei ya nyanya zenyewe. Vijana waliokuwa wakiuza rambo iliwabidi watafute biashara nyingine, au mtaji wa mifuko mipya. Baadaye vifungashio laini vinavyoonyesha ndani vikaanza kubebea bidhaa, serikali ikalazimika kukemea tena.

Niliporudi Rosettenville nilijiona mjuzi. Karibu nasi anakaa mama mmoja mjane, alea watoto watatu kwa sambusa na vitumbua. Nikamweleza madhara ya visanduku vyeupe vya foamu na vifuko anavyofungia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mwalimu, nisamehe. Wewe una pensheni, mimi nina vitumbua. Duka kubwa humwuzia mteja mfuko naye halalamiki. Mimi nikimdai randi moja ya kifungashio, kesho ananunua kwa mwingine."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezungumza juu ya sheria bila kuuliza nani atailipia. Mwenye duka kubwa huihamishia gharama kwa mteja. Mjane huimeza.

Baada ya siku chache nilimwendea na bakuli langu lenye kifuniko. Akanijazia sambusa, akaongeza kitumbua kimoja. Nikamwambia, "Mwanangu, umezidisha." Akacheka: "Sikuzidisha, Mwalimu. Kisanduku na mfuko vyanigharimu zaidi ya kitumbua hicho." Tangu hapo, ajaye na chombo chake huongezewa kimoja. Tumefika wateja saba au wanane. Si wengi, lakini hakuna aliyepata hasara.

Asubuhi ya siku ya taka, kabla ya gari kupita, vijana wenye mikokoteni huchambua mapipa yetu ili wauze wanachopata. Huchukua chupa, makopo na maboksi. Visanduku vya foamu huviacha, kwani havina mnunuzi. Siku za Ramadhani ndivyo vinavyojaa zaidi, na sisi tuliofunga mchana kutwa ndio tuliovijaza baada ya Magharibi. Israfu tumekatazwa, nayo haiishii kwenye chakula.

Kwa hiyo naleta ombi moja. Tukialikana kufuturu, kila familia ije na sahani na vikombe vyake, kama tulivyokuwa tukitumwa dukani utotoni na chupa ya mafuta mkononi. Na tununuapo kwa mama zetu wanaouza vyakula, twende na bakuli, au tulipie kifungashio bila kunung'unika. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hujaza jaa pia.