Nusu Siku Katika Msitu wa Imenti

Familia nyingi za pwani hufika Meru kwa arusi, matanga au biashara, zikalala siku mbili na kurejea bila ya kuona ila soko na stendi. Ilhali msitu wa Imenti umepakana na mji wenyewe, na asubuhi moja yatosha kuutembelea.

Humo umo muuru, mti wa mbao nzuri unaosifika Meru nzima. Mmoja mkubwa mno, uitwao King Muuru, wageni huuendea makusudi. Limo pia ziwa Nkunga, limetuama katikati ya miti.

Lakini wenyeji wa msitu ni ndovu. Ndovu wa Mlima Kenya wana mapito yao ya kale, na mwaka 2011 walifunguliwa njia hadi Lewa, inayopita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru. Kwa hiyo mtu asiingie na watoto pasi na idhini ya ofisi ya misitu na askari wa kuwaongoza. Mkiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa upya, nyamazeni, mrejee mlikotoka. Baba asione haya kurudi nyuma mbele ya wanawe: kuihifadhi nafsi ni wajibu, kuliona ziwa si wajibu.

Epukeni masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, kwani njia huteleza. Likizo ya Agosti yafaa, ila kuna baridi. Kila mtoto avae sweta. Kina mama, buibui refu hunasa miibani. Juba lisiloburura juu ya suruali pana, ushungi uliofungwa vyema na viatu vya kufunika vyatosheleza sitara na mwendo. Chukueni maji, tende na mahamri. Ingieni saa mbili asubuhi, mtoke kabla ya saa sita, ili adhuhuri iwakute msikitini mjini, na msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza sala.

Miaka ya 1990 sehemu ya chini ya Imenti ilikatwa miti na kulimwa ovyo. Waonyesheni watoto kwamba msitu huweza kwisha, na kwamba mito inayonywesha miji hutegemea kivuli hicho. Takataka zetu zirudi nasi mjini, hata kokwa ya tende.