Supu ya Omena

Matatu haijasimama sawasawa hapo Awasi, tayari mikono imejaa dirishani: mayai ya kuchemsha, njugu kwenye vikaratasi vilivyosokotwa, ndizi, miwa iliyomenywa na kukatwa vipande. Makanga akapiga bati. Mimi ndiye niliyekuwa nashuka, lakini nilibaki kitini nikicheka peke yangu hadi jirani yangu akaanza kuniangalia kwa wasiwasi.

Nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka Japani, wiki saba za mafunzo ya kilimo cha mpunga mjini Tsukuba. Wikendi moja wenzangu walinivuta hadi Kyoto tukapige picha chini ya malango mekundu ya Fushimi Inari. Malango yenyewe sikuyaona vizuri, niliona migongo ya watu. Mwaka 2024 nchi ile ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, na nadhani nusu yao walinikanyaga miguu. Mchana tukaingia soko la Nishiki, na humo kuna vibao vinavyomwomba mgeni asile huku anatembea. Nenda kawaeleze hayo watu wa Awasi.

Pahali palipobaki moyoni mwangu hapamo kwenye picha za wengi. Panaitwa Yokokawa, mkoa wa Gunma, chini ya mlima. Zamani kila treni ililazimika kusimama pale ili ifungiwe vichwa vya kuisukuma kwenye mwinuko wa Usui, na abiria wakawa na dakika chache za kusikia njaa. Mwaka 1958 kampuni ya Oginoya ikaanza kuwauzia wali moto ndani ya chungu kidogo cha udongo, juu yake kuku, uyoga na yai la kware. Mwaka 1997 treni ya kasi ya kwenda Nagano ilianza, na reli ile ya mlimani ikafungwa. Chungu hakikufungwa. Watu huendesha magari hadi pale kukifuata, na wakimaliza kula hubeba chungu nyumbani. Changu kilikuwa ndani ya begi, kimefungwa kwa fulana mbili.

Asubuhi hiyo ya Awasi nilikuwa nimepitia ufuo wa Dunga. Wavuvi wa omena walikuwa wameshalala. Kazi yao ni ya usiku, taa zikiwaka ziwani, na hunoga zaidi mwezi usipokuwepo. Nikanunua gorogoro moja ya omena mkavu kwa mama mmoja aliyeniongezea konzi mbili bila kuombwa, nikapanda gari. Ahero tulikwama kidogo, nikapata nafasi ya kuangalia mpunga ulioanikwa kwenye maturubai kando ya lami. Skimu ya umwagiliaji ya Ahero ilianza 1969. Nimeikuta ipo, na bado naumia nikiipita. Wafanyabiashara kutoka Uganda huja kununua mpunga shambani kabla haujakobolewa, ukavuka mpaka kwa magunia, na huko mbele hakuna anayejua kuwa ulilowa kwa maji ya mto Nyando. Yokokawa yai moja la kware lina jina na kwao. Huku kwetu, tambarare nzima ya Kano inalisha watu kimyakimya.

Nyumbani nikamwambia Mama nitampikia supu ya Kijapani. Wajapani wana dagaa wao wakavu, niboshi, ambao huloweka kisha huchemsha taratibu kupata maji ya supu. Nikaketi na ungo kuwaandaa omena, kichwa na utumbo vikae kando. Mama akanitazama kidogo, akavuta kigoda. Anambana omena kwa kidole gumba na cha shahada, anapinda mara moja, kichwa kinatoka kikivuta ule utumbo mweusi nyuma yake kama uzi. Alimaliza kumi kabla sijamaliza watatu.

"Huko nako wanatoa vichwa?"

"Wanatoa, Mama. Wanasema ndiko kwenye uchungu."

"Basi wana akili."

Sifa hiyo haikudumu. Nilichemsha, nikachuja, nikammiminia ndani ya chungu cha Yokokawa ili mambo yaende pamoja. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Wuoda, haya ni maji ya kuoshea sufuria. Na omena wenyewe wako wapi?"

Nikamwonyesha kwenye chujio. "Wengine huwala. Wengine huwatupa."

"Wanatupa!" Akageukia jikoni kana kwamba nimetaja msiba. Nikasikia mafuta yakilia, kitunguu, kisha nyanya. Omena wangu wakaingia, na baada yao akachukua chungu na kumwaga ile supu yote juu yao. Harufu ikatoka hadi uani. Mtoto wa jirani akachungulia mlangoni.

"Sasa wewe uliyetoka Japani," akasema bila kugeuka, "maji ya ugali yamechemka. Njoo usonge."