Jarife la Mjomba

Mimi ni mtoto wa pwani, nimezaliwa katika kijiji cha wavuvi kaskazini ya mji wa Tanga. Baba alifariki nilipokuwa darasa la pili, na mjomba akanichukua kunilea. Daftari zangu, sare zangu na nauli yangu ya kuja shuleni hapa zimetoka katika jarife lake. Kwa hiyo wasomaji wasidhani naandika haya kwa kumdharau mvuvi.

Jarife ni wavu wa matundu makubwa, hutegwa usiku kwa ajili ya papa na taa. Zamani, asema mjomba, wavuvi walitega karibu na miamba. Lakini kwa miaka mingi baruti zilivunja matumbawe, samaki wakapungua, nao wakalazimika kutega mbali, mahali ambapo sakafu ya bahari huteremka ghafla.

Nilipokuwa darasa la sita, wakati wa likizo, mjomba alinichukua alfajiri kwenda kuvuta jarife. Tulikuwa watu wanne. Wavu ulikuwa mzito, tukafurahi tukidhani ni papa. Kumbe ni samaki mwingine kabisa: urefu wake ulipita kifua changu, rangi yake buluu yenye mabaka meupe, na mapezi yake manene kama vikono. Alikuwa bado yu hai, lakini tulipofika pwani alikuwa amekwisha kufa. Mzee mmoja akasema, "Huyo hafai kuliwa, mafuta matupu." Mjomba akapeleka habari kwa watu wa hifadhi, wakaja wakamchukua. Siku ile hatukupata kitu, na jarife lilikuwa limechanika. Mjomba alikaa mchangani akishona, hasemi neno.

Nilipoingia sekondari ndipo nilipomjua samaki yule. Ni silikanti. Wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwezi wa Desemba 1938. Hapa Tanzania, wa kwanza kujulikana alivuliwa mwaka 2003 karibu na Songo Mnara, Kilwa. Mwaka 2009 Serikali ikatenga Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kijiji chetu ki nje ya hifadhi hiyo. Lakini samaki hajui mpaka.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitueleza utafiti uliotolewa mwaka 2021. Silikanti aweza kuishi karibu miaka 100. Huanza kuzaa akikaribia miaka 55, na mimba yake huchukua yapata miaka mitano. Niliposikia hivyo nilinyamaza. Huenda samaki yule alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mjomba. Na kama alikuwa hajazaa, basi jarife la usiku mmoja lilikata kazi ya nusu karne.

Ndivyo yalivyo mambo ya vilindini: yote huenda polepole. Katika bahari ya Pasifiki, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, yamelala madonge ya mawe yenye nikeli, kobalti na shaba, ambayo makampuni yanayatamani kwa ajili ya betri. Donge hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Mwaka 1989 wataalamu wa Ujerumani waliilima sakafu ya bahari mbali na pwani ya Peru kwa majaribio. Waliporudi mwaka 2015, alama za jembe zilikuwa bado zaonekana.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba haya yote. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Basi mwanangu, ukinikataza kilindi, nitege wapi?" Sikuwa na jibu usiku ule. Nimelifikiri tangu hapo, na naona jibu limo katika maneno yake mwenyewe. Mvuvi alifukuzwa na baruti kutoka miambani. Tukiyalinda matumbawe ya karibu, samaki watarudi, naye hatakuwa na haja ya kwenda kusumbua kilindi.

Mjomba sasa huvua zaidi kwa mshipi. Siku nyingine hupata changu wawili watatu tu, na nyumbani twajua maana yake. Basi wenzangu, tuwasaidie wazee wetu kwa kuwafichua wapigaji baruti, hata wakiwa jamaa zetu. Bahari ya juu ikituliza njaa, ya chini itapumzika.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu