Gari la Kifahari la Mtumba katika Njia ya Uroa: Jinsi Swali la Mnunuzi Lilivyobadilika

Uamuzi wa kununua gari kubwa la kifahari lililokwisha kutumika, lile ambalo injini yake huweza kusukuma magurudumu yote manne kwa pamoja, huzungumzwa katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kwa uzito uleule unaopewa posa au ujenzi wa nyumba, kwa sababu fedha zinazotumika ni za akiba ya miaka mingi na matokeo yake huwafikia watu wengi zaidi ya yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi ya gari. Uroa, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichopo baina ya Marumbi na Pongwe katika Wilaya ya Kati, ni mahali panapofaa kuufuatilia uamuzi huo, kwani katika umri wa mtu mmoja mambo mawili yamegeuka hapo: njia iliyokuwa ya mawe na mchanga imetiwa lami, na gari ambalo zamani lilikuwa la Serikali limekuwa kitu ambacho mfanyabiashara, mwenye nyumba ya wageni au kijana aliyerudi kutoka Uarabuni anaweza kukiagiza. Hoja ya makala haya ni kwamba mageuzi hayo yamelibadilisha swali lenyewe analopaswa kujiuliza mnunuzi, ilhali wanunuzi wengi wangali wanajibu swali la zamani.

Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja imekalia mwamba wa matumbawe ya kale, ardhi ambayo wenyeji huiita uwanda, yenye udongo haba na mawe makali yanayochomoza juu, tofauti na upande wa magharibi wenye udongo mzito unaostawisha mikarafuu. Waliokuwa watoto Uroa kabla ya lami, mwandishi akiwa miongoni mwao, wanaikumbuka safari ya mjini, ambayo ni takriban kilomita 40, kuwa kazi ya siku nzima iliyofanywa kwa gari la shamba, yaani lori lililoundiwa bodi na mabenchi ya mbao, ambalo kwenda lilibeba abiria pamoja na samaki, kuku na mizigo ya usumba uliosokotwa na akina mama kutokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni, na kurudi likaleta unga, mchele na mafuta ya taa. Katika masika, sehemu ya njia baina ya Chwaka na Uroa iligeuka mashimo yaliyojaa maji, na dereva hakuweza kujua kina cha shimo wala ukali wa jiwe lililokuwa ndani yake mpaka gurudumu liingie.

Katika mazingira hayo gari pekee lililopita bila ya wasiwasi mkubwa lilikuwa Land Rover ya Serikali, iliyoleta mabwana afya na viongozi, na ambayo watoto waliijua kwa mlio kabla haijatokeza. Gari hilo lilianza kuonyeshwa hadharani mwaka 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, na kwa kuwa chuma cha bodi kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, waundaji wake waliivisha chesisi ya chuma mabati ya aloi ya alumini. Chesisi ni fremu nzito ya chini inayobeba injini, magurudumu na bodi, na kwa gari linalokaa karibu na bahari mpangilio huo ulikuwa na matokeo yanayoonekana hadi leo, kwa kuwa bodi ya alumini hudumu huku chesisi ikiliwa na kutu, kiasi kwamba Land Rover iliyotelekezwa chini ya mivinje inaweza kuonekana nzima kwa mbali na kumbe fremu yake imekwisha.

Swali la enzi hizo lilikuwa moja, nalo ni kama gari litafika. Jibu lilitegemea vitu vitatu ambavyo mafundi huviangalia mpaka sasa: uwezo wa kusukuma kwa magurudumu manne, ambao huliwezesha gari kuendelea hata magurudumu mawili yakikosa mshiko, gia za chini, yaani seti ya pili ya gia inayolipunguzia gari mwendo na kuliongezea nguvu ya kukwea mawe au kujitoa mchangani, na nafasi ya kutosha baina ya ardhi na tumbo la gari. Hakuna aliyeuliza habari ya viti vya ngozi.

Mabadiliko ya kwanza yalitoka katika siasa ya uchumi. Bei ya karafuu ilipoporomoka na bidhaa zikawa adimu madukani, Serikali ya Zanzibar chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais wa visiwa mwaka 1984, ililegeza masharti ya biashara na kuwaruhusu watu binafsi kuingiza bidhaa kutoka nje, na Wazanzibari waliokuwa na jamaa zao Dubai na Maskati wakapata njia ya kuleta mali nyumbani. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani, kisha kikaenea katika vijiji vingine vya mashariki, na fedha taslimu zikaanza kupita mikononi mwa wanawake. Utalii ulifuata, na pamoja nao watu wa kijiji wakaanza kuyaona kwa karibu magari ambayo hawakuwahi kuyapanda.

Kwa upande wa viwanda, gari la magurudumu manne lilikuwa limekwisha kuhama kutoka shambani kwenda kwenye fahari. Range Rover ilizinduliwa mwaka 1970 ikiwa na springi za mviringo badala ya zile za mabati yaliyopangwa, hivyo ikaunganisha uwezo wa kupita porini na ulaini wa gari la mjini, huku Toyota, ambayo ilianza na gari la kazi mwaka 1951 na kuliita Land Cruiser kuanzia 1954, ikiendelea kukuza toleo la abiria hadi kufikia mfululizo wa 80 mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wa 100 mwaka 1998. Nchini Tanzania magari ya namna hii yalizoeleka kwa jina la shangingi, na kwa kuwa aghalabu yalionekana yakiwabeba mawaziri na wakurugenzi, yaligeuka alama ya cheo. Mtu wa kijijini aliyetamani shangingi alitamani kufika, kwa maana ya barabara na kwa maana ya maisha.

Mabadiliko ya pili yalikuwa lami. Ilipofika Uroa, safari ya siku nzima ikawa ya saa moja hivi, daladala zikaongezeka, na gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu mawili likaweza kufika mlangoni mwa nyumba bila ya kuguswa na jiwe. Hapa ndipo mgongano unapojitokeza, kwani wakati gari la magurudumu manne lilipohitajika kwa dhati hapakuwa na mwanakijiji aliyeweza kulinunua, na sasa linapoweza kununuliwa njia hailihitaji tena. Kazi yake ya asili imebakia katika sehemu chache: vichochoro vya mchanga kati ya nyumba, njia za mashambani kwenye uwanda, na ukingo wa pwani wakati wa kupwa, ambako magunia ya mwani hupakiwa na ambako gari la kawaida huzama mpaka kwenye vitovu vya magurudumu.

Kwa hiyo swali la sasa ni kama gari litadumu, na katika Uroa adui wa kudumu ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta matone madogo ya bahari yanayotua mahali popote palipo wazi, na anayechunguza gari lililokaa pwani hana budi kulala chali chini yake akiwa na tochi na nyundo ndogo, aigonge chesisi kipande kwa kipande, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye maungio ya springi, na kusikiliza: chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa, huku magamba ya kutu yakimdondokea usoni. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari haipaswi kumtuliza mnunuzi, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayoficha aliyokuja kuyatafuta. Kuosha kwa maji ya kisima hakutoshi, kwani visima vingi vya pwani hiyo vina maji ya chumvichumvi. Tena magari mengine huanza kuliwa kabla ya kuingia bandari ya Malindi, mjini Unguja, kwa kuwa katika mikoa ya baridi ya Japani barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na gari lililotoka huko laweza kung'ara juu na kuwa limechakaa chini.

Tofauti baina ya magari mawili yanayotamaniwa zaidi huonekana vizuri zaidi huko chini ya gari. Land Cruiser ya mfululizo wa 100, na ya 200 iliyoanza mwaka 2007, ingali imejengwa juu ya chesisi iliyo mbali na bodi, na matoleo yake mengi hutumia springi za chuma ambazo fundi wa Mwanakwerekwe, mjini, anaweza kuzibadilisha. Range Rover ya kizazi cha tatu, iliyozinduliwa mwaka 2001, ina bodi na fremu vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, na hubebwa na mifuko ya hewa, yaani mipira minene inayojazwa upepo na pampu ya umeme kwa amri ya kompyuta ili gari lipande au lishuke. Gari hilo ni laini mno barabarani, lakini mpira huzeeka hata likiwa limesimama, na ufa mdogo usioonekana kwa jicho hutosha kulifanya gari lililoegeshwa likiwa limesimama sawa jioni likutwe alfajiri limelala upande mmoja. Pampu nayo, ikilazimika kufanya kazi kila mara ili kuufidia upepo unaovuja, huungua, na mwenye gari aliyekusudia kununua mfuko mmoja hujikuta akiagiza na pampu kutoka ng'ambo. Kizazi cha nne cha mwaka 2012 kina bodi ya alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma, ingawa pale alumini inapogusana na skurubu ya chuma penye maji ya chumvi, metali hizo mbili huzalisha umemekemia, na alumini huanza kuliwa.

Gharama ya kuliingiza gari nayo ina hesabu yake. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, ushuru wa msingi wa gari la abiria ni asilimia 25 ya thamani, na thamani hiyo hujumuisha bei, bima na nauli ya meli. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ambao hupanda kulingana na ukubwa wa injini na uzee wa gari, kisha kodi ya ongezeko la thamani. Kenya hukataa kabisa gari lililozidi miaka minane, lakini Tanzania hulipokea la zamani na kulitoza zaidi, na ndiyo maana gari la kifahari linaloonekana rahisi mno katika picha ya muuzaji hupoteza urahisi huo linapofika bandarini. Anayekosa fedha zote kwa mkupuo na asiyetaka riba anaweza kutumia murabaha, mkataba wa Kiislamu ambamo benki hulinunua gari lenyewe na kumuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, nayo hulipwa kwa awamu. Hata hivyo murabaha hushughulikia bei ya kununua tu, na haugusi mafuta ya injini ya silinda nane, ambayo bei yake hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Zanzibar, wala matairi, wala spea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la gari hili linapaswa kufunguliwa kabla ya kununua, likiwa na safu moja ya bei na nyingine ya miaka mitano ya matunzo.

Hata baada ya hesabu hiyo, lingekuwa kosa kusema kwamba gari hilo halina maana Uroa, kwa kuwa kuna safu ya tatu ambayo wauzaji hawaijui. Gari kubwa kijijini huombwa, na mwenye nalo hawezi kukataa: mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku hupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, jeneza hufuatwa mjini, bibi harusi na shangazi zake hubebwa, na wazee hupelekwa khitmani Chwaka. Viti saba au vinane na sakafu iliyoinuka vina thamani ya kweli hapo, zaidi ya ile aliyoikusudia muundaji, na heshima anayoipata mwenye gari hutokana na safari hizo kuliko na nembo iliyo mbele.

Kwa msingi huo, yule anayeweza kutenga fedha za matunzo kila mwaka bila ya kugusa ada za skuli, na ambaye nyumba yake hutembelewa na wenye haja, ananunua kitu chenye faida, mradi achague gari lenye springi za chuma na chesisi iliyopimwa kwa nyundo, hata likiwa na umri mkubwa na mapambo machache. Yule ambaye akiba yake inaishia kwenye bei na ushuru atahudumia jamaa zake vizuri zaidi kwa Suzuki Escudo au RAV4, kwa kuwa spea zake zimejaa mjini na mafundi wake wapo. Jamaa anapogonga mlango saa nane za usiku kwa ajili ya mgonjwa, hana haja na aina ya gari lililopo uani. Ana haja ya gari linalowaka.