Digidigi, mlo wa watu wa kale

Ukifika Hulugho, Kaunti ya Garissa, msomaji, usimtafute tembo tu. Tazama chini ya vichaka: yule digidigi, asiyezidi kilo 7, anakuchungulia.

Usimdharau. Ng'ambo ya mpaka, nchini Somalia, kuna majabali ya Buur Heybe na Buur Hakaba. Wataalamu waliochimba huko miaka ya 1980 walikuta mifupa mingi ya paa wadogo, mabaki ya mlo wa wawindaji wa maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa nini mnyama mdogo hivyo? Digidigi huishi wawili wawili, hahami eneo lake, na majani humtosha kwa maji. Kiangazi kikiwafukuza wanyama wakubwa, yeye yupo. Hivyo watu nao waliweza kukaa, wakazika wafu wao papo hapo, mmoja akiwekewa pembe za tandala.

Jirani na Hulugho, Waboni waliishi kwa uwindaji na asali hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mnyama tusimguse. Lakini wazee wanaojua njia zake wangalipo. Tuwaulize mapema, kabla hatujabaki na mifupa pekee ya kutusimulia.