Chungu chenye dhahabu ndani

Wiki hii tumetazama picha za vyungu vya Bennett Bean, mfinyanzi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1941. Ni udongo mweupe uliofinyangwa kwa gurudumu na kuchomwa shimoni, moshi ukauachia madoa meusi ambayo hakuna mkono uwezao kuyapanga yote. Baada ya moto ndipo huja rangi, na ndani hubandikwa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Dhahabu hiyo hairudi motoni. Kwa hiyo chungu hakipikiwi. Mama zetu wangeuliza: cha nini basi? Swali ni halali.

Nasi tunacho chombo kinachopakwa dhahabu ndani: kalisi, iwapo imetengenezwa kwa metali iwezayo kushika kutu. Lakini hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 ilikataza vyombo vitakatifu vya udongo, kwa kuwa huvunjika upesi. Twaona busara yake, kwani Damu ya Kristo haichezewi. Hata hivyo, kila tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, twasoma, hatua chache kutoka altare hiyohiyo, Paulo akinena juu ya hazina iliyowekwa katika vyombo vya udongo.