Jalada la Elsa

Mhakiki huzoea kulipita jalada ili aifikie kazi yenyewe. Mimi nilizuiwa na moja. Ni la kanda ya video ya Born Free (1966), filamu ya simba aliyelelewa na Joy na George Adamson, niliyoinunua mjini Embu ikiwa imekwisha tumika.

Picha yake yaonyesha Wazungu wawili na simba jike, nyuma yao nyika tupu. Nuru, aliyeigizwa na Peter Lukoye, hayumo, ingawa ndani ya filamu yumo. Meru, alikoachiliwa huru Elsa na alikozikwa mwaka 1961, haikutajwa popote. Kifani, jalada ni zuri: rangi zapatana, jicho laelekezwa penye upendo. Kimaudhui, limewahamisha wenyeji wote.

Ubavuni mwa kasha, hata hivyo, mwenye duka alikuwa amebandika karatasi na kuandika kwa kalamu: "Elsa wa Meru". (Amekosea kidogo, filamu ilipigwa zaidi Naro Moru, upande wa pili wa Mlima Kenya.) Kanda imekwaruzika, haionyeshi tena. Mwanafunzi wangu aliniomba kasha. Nilimpa, lakini ile karatasi niliibandua kwanza.